Sekunde 47 za Mhadhara

Rekodi ile ilikuwa ya sekunde 47. Mwenyekiti wa kamati aliiweka simu katikati ya meza, akabonyeza, nasi wajumbe watano tukainamisha vichwa kuisikiliza sauti ya mhadhiri mwenzetu ikitoka kwa mikwaruzo, huku nyuma yake vikisikika viti vinavyoburutwa na mtu mmoja anayekohoa. Alikuwa akisema kwamba msaada wa chakula unaotolewa kwa wakimbizi kwa miaka mingi mfululizo unawadhuru wakimbizi wenyewe kuliko unavyowafaa, na kwamba yeye, lau angekuwa na mamlaka, angeuwekea ukomo wa miaka mitatu na asingeuongeza hata kwa siku moja. Rekodi ikakatikia hapo, sentensi iliyofuata ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Mhadhara wenyewe ulichukua saa mbili.

Nilikuwa na sababu ya kumchukia mtu yule. Mama yangu aliishi kambini miaka sita akiwa msichana mdogo, na mgawo wa kila wiki ndio uliomvusha hadi utu uzima. Kwa hiyo sikusikia nadharia ya uchumi katika sekunde zile. Nilisikia mtu akipendekeza kwamba mama yangu asivuke mwaka wa tatu. Hata hivyo, kura yangu ilikuwa kwamba asiadhibiwe. Miaka imepita na bado naulizwa kwa nini, mara nyingine na watu ninaowaheshimu, na kila ninapojaribu kujibu kwa maneno machache naona nimejibu nusu. Hapa najaribu kujibu lote.

Barua ya malalamiko ilitiwa saini na wanafunzi 31. Walisema wameumizwa na maneno ya mhadhiri, nami sikuona sababu ya kutowaamini, hasa kwa kuwa wawili kati yao walikuwa wakimbizi. Walitaka afukuzwe. Mhadhiri huyo alikuwa ameandika maoni hayo hayo gazetini wiki chache kabla, kwa hiyo kufikia siku tulipokutana jina lake lilikwisha kuzagaa mitandaoni, na watu ambao hawakuwahi kumsikia akifundisha walikuwa wamekwisha kumhukumu. Utawala ulituharakisha. Tulipewa siku kumi.

Siku ya kwanza mazungumzo yetu yalikwenda kombo kwa sababu tulichanganya mambo mawili ambayo hata wanazuoni huyachanganya. Uhuru wa kujieleza ni wa kila mtu, awe amesoma au hakusoma, awe na hoja au hana. Mtu akisimama hadharani akatangaza kwamba dunia ni bapa, dola haina haki ya kumtia ndani. Uhuru wa kitaaluma ni kitu kingine. Kwa upande mmoja ni mwembamba zaidi, maana mhadhiri wa jiografia anayefundisha kwamba dunia ni bapa anastahili kuondolewa darasani kwa kuwa hajui kazi yake, na watakaoamua hivyo ni wanajiografia wenzake kwa vigezo vya fani yao. Kwa upande mwingine ni mpana zaidi, kwa sababu mwajiriwa wa kawaida anayemkosoa mwajiri wake hadharani aghalabu hupoteza kibarua chake, ilhali Pendekezo la UNESCO la mwaka 1997 kuhusu hadhi ya walimu wa elimu ya juu linataja waziwazi, pamoja na uhuru wa kufundisha, kutafiti na kuchapisha, uhuru wa mwalimu kutoa maoni yake juu ya taasisi ile ile inayomlipa mshahara.

Swali lililotuhusu, basi, halikuwa kama mwenzetu ametuudhi. Alikuwa ametuudhi sana. Swali lilikuwa kama anaijua kazi yake, na kama anaifanya kwa haki mbele ya wanafunzi wasiokubaliana naye, na hilo haliwezi kujibiwa na sekunde 47.

Nikaomba vijitabu vya majibu vya mtihani wa muhula uliotangulia, 64 kwa jumla, nikakaa navyo siku mbili. Swali la tatu liliwataka wanafunzi wajadili athari za misaada ya muda mrefu, na nilichokitafuta, nakiri kwa shauku isiyo nzuri, ni mwanafunzi mmoja aliyempinga mwalimu akanyimwa haki yake. Sikumpata. Alama ya juu kuliko zote, 81, ilikwenda kwa mwanafunzi aliyeishambulia nadharia ya mwalimu kwa kurasa nne nzima, na pembeni ya ukurasa wa pili, kwa kalamu nyekundu, mhadhiri aliandika: "Hapa umenibana. Takwimu hizi ni za mwaka gani?" Mwingine aliyemkubalia kila neno alipata 48, na chini ya jibu lake palikuwa na maelezo haya: "Unanirudia mimi. Wewe unasemaje?" Niliurudia ukurasa huo mara kadhaa. Mimi mwenyewe, katika miaka yangu yote ya kusahihisha, sina hakika kama niliwahi kumwandikia mwanafunzi aliyenikubalia swali la namna hiyo.

Hakuwa mtu mpole, na sitaki kumpamba. Wanafunzi wale wawili walipomfuata ofisini kumweleza walivyojisikia, aliwajibu kwa hoja pale palipohitaji kwanza neno la utu. Hilo nililiandika katika ripoti, na bado naamini alipaswa kuwaomba radhi kwa namna alivyowapokea. Lakini ukavu wa moyo ni jambo la mkuu wa idara kumwita mtu wakazungumza. Kumwondolea mtu kazi kwa ajili ya nadharia yake ni jambo jingine kabisa.

Wakati huo nilikuwa nikisoma upya kisa cha Edward Ross, na kilinisaidia kwa namna ambayo sikuitarajia. Ross alikuwa mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, na mwaka 1900 alilazimishwa kujiuzulu kwa shinikizo la Jane Stanford, aliyekianzisha chuo hicho pamoja na marehemu mumewe kwa utajiri ambao kwa sehemu kubwa ulitokana na reli. Ross alikuwa ametetea huduma za mijini zimilikiwe na umma, jambo lililowakera wenye mali, na papo hapo alikuwa amewapinga wahamiaji kutoka Asia kwa maneno ya kibaguzi ambayo leo yanachefua. Wenzake kadhaa waliacha kazi kwa kupinga alivyotendewa. Mmoja wao, mwanafalsafa Arthur Lovejoy, alikuja kuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha maprofesa wa vyuo vikuu vya Marekani mwaka 1915, mwanafalsafa mwenzake John Dewey akiwa rais wake wa kwanza, na katika matamko ya chama hicho, la mwaka huo na la mwaka 1940, ndimo ilimojengwa sehemu kubwa ya fikra ya ajira ya kudumu kama kinga ya mwanataaluma. Kinga ambayo leo inamlinda mtafiti anayefichua ubaguzi ilianza kudaiwa kwa kisa cha mtu aliyehubiri ubaguzi. Walioacha mishahara yao hawakufanya hivyo kwa kuamini kwamba Ross alisema kweli kuhusu Waasia. Walikataa mtu mmoja mwenye fedha awe ndiye mwamuzi wa kipi kinafundishika.

Watetezi wengi wa uhuru huu hukimbilia kumtaja Galileo, mwanasayansi aliyehukumiwa na Kanisa kwa kusema kwamba dunia hulizunguka jua. Hunena kwamba mzushi wa leo huenda akawa shujaa wa kesho, kwa hiyo tumvumilie asije akawa ndiye mwenye kweli. Hoja hiyo sijawahi kuipenda, na katika kamati ile niliikataa, kwa kuwa ukweli ni kwamba wengi wa wenye maoni yanayoleta zogo si akina Galileo. Wengi wamekosea tu, na watabaki wamekosea. Kama uhuru wao unategemea uwezekano wa siku moja kuonekana walikuwa sahihi, basi wengi wao hawana haki ya kuupata.

Hoja ninayoiamini inaanzia upande wa pili, kwa yule aliye sahihi. Daktari bingwa akiniambia kwamba chanjo fulani ni salama, mimi si mtaalamu wa chanjo na siwezi kuurudia utafiti wake. Namwamini kwa sababu moja: najua kwamba kama angekuwapo mwenzake mwenye ushahidi wa kinyume, angeweza kuutoa, ukachapishwa, ukapingwa na kupimwa, na yeye bado kesho akaamka ana kazi. Siku nitakapojua kwamba anayepinga hufukuzwa, makubaliano ya wataalamu mia hayataniambia chochote tena, kwa maana sitakuwa na njia ya kujua kama wamekubaliana kwa ushahidi au kwa hofu. Mhadhiri aliyekosea, akiachwa aseme na kujibiwa, ndiye anayelipatia neno la mhadhiri aliye sahihi thamani yake. Tukimnyamazisha huyo, huyu naye tumemwibia, hata kama hajui.

Kwa ajili hiyo sioni kwamba chuo kilichowafukuza wenye maoni mabaya kimejisafisha. Kimepoteza kile ambacho kingewafanya walio nje waamini kinachosemwa ndani.

Jinsi hofu inavyofanya kazi darasani ilionekana vizuri nchini Malawi mwaka 2011. Blessings Chinsinga, mhadhiri wa sayansi ya siasa katika Chancellor College mjini Zomba, alitoa mfano darasani uliohusisha maandamano ya Tunisia na Misri na hali ya nchi yake, ikiwamo uhaba wa mafuta. Habari ilifika nje ya darasa, na Inspekta Jenerali wa Polisi akamwita kumhoji. Wenzake waligoma kuingia madarasani hadi wahakikishiwe kwamba hapatakuwa na wapelelezi miongoni mwa wanaowafundisha. Rais Bingu wa Mutharika alisimama upande wa mkuu wa polisi, wahadhiri kadhaa wakafukuzwa, chuo kikafungwa, na mgogoro ukaburutwa kwa miezi kabla ya waliofukuzwa kurejeshwa kazini. Kinachonigusa zaidi katika kisa hicho ni udogo wa chanzo chake, yaani mfano mmoja wa darasani. Kila mwalimu anajua mifano hiyo huja yenyewe katikati ya maelezo, unapoona nyuso hazijaelewa ukatafuta jambo la karibu zaidi. Mwalimu anayelazimika kuupima kila mfano kama utamfikisha kituo cha polisi ataacha kutoa mifano, na wanafunzi watabaki na nadharia zisizogusa chochote wanachokijua.

Rekodi ya simu iliyowekwa mezani kwetu haikutoka kwa polisi, na sitaki kuwafananisha wanafunzi waliokuwa wakilalamika kwa uchungu wa kweli na dola yenye bunduki. Mwanafunzi ana haki ya kulalamika, na ana haki ya kupinga kwa sauti kuu. Ila kwa mwalimu aliye mbele ya darasa matokeo yanakaribiana, kwa kuwa hajui ni sekunde zipi zitakatwa na kupelekwa wapi.

Mjumbe mmoja wa kamati aliniuliza swali gumu kuliko yote: je, hakuna mpaka? Nilimjibu kwa kisa cha Arthur Butz, mhadhiri wa uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, ambaye mwaka 1976 alichapisha kitabu cha kukanusha mauaji ya halaiki ya Wayahudi. Huo ni uongo, na ni uongo unaowatonesha walionusurika na watoto wao. Chuo chake kiliulaani hadharani, lakini hakikumfukuza, kwa msingi kwamba hakuyafundisha hayo darasani na kwamba kazi yake ya uhandisi aliifanya. Kama angekuwa mhadhiri wa historia ya Ulaya, jibu langu lingekuwa tofauti kabisa, kwa sababu mwanahistoria anayekanusha tukio lenye ushahidi wa kiasi kile amekiri mwenyewe kwamba haimudu fani yake. Tamko la mwaka 1940 nililolitaja linauchora mpaka huo vizuri: darasani mwalimu asiingize mambo ya ubishani yasiyohusiana na somo lake, na nje ya chuo anaposema kama raia asiadhibiwe na chuo, ila naye awe mkweli, ajizuie, na aonyeshe kwamba hasemi kwa niaba ya chuo. Mjumbe yule hakuridhika na mfano wa Butz. Alisema asingeweza kumpeleka mwanawe akajifunze hata hesabu kwa mtu yule, nami sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa hata mimi nisingempeleka wangu.

Mipaka mingine ni rahisi zaidi. Mhadhiri anayemtukana mwanafunzi kwa asili yake, anayemnyima alama kwa imani yake, anayebuni takwimu, hao uhuru wa kitaaluma hauwahusu. Sheria ya elimu ya Uingereza ya mwaka 1988 iliuita uhuru wa kuhoji na kuyapima yaliyozoeleka, na kutoa mawazo mapya na maoni yasiyopendwa, bila kuhatarisha kazi, ila ndani ya sheria. Wanataaluma wa Afrika walikwenda mbele zaidi mwaka 1990, katika maazimio ya Dar es Salaam mwezi Aprili na ya Kampala mwezi Novemba, kwa kuunganisha uhuru na wajibu kwa jamii katika jina lenyewe la maazimio. Naukubali muunganiko huo kwa moyo wote, lakini ninahofia mahali unapoweza kupelekwa. Mara nyingi nimeona neno "wajibu" likitumiwa na watawala kumaanisha utii, wakati wajibu wa kwanza wa mwanazuoni kwa jamii ni kuieleza anachokiona hata pale isipotaka kusikia.

Kamati yetu ilipiga kura tatu kwa mbili. Tulipendekeza asiadhibiwe, na kwamba chuo kiandae mdahalo ambamo wanafunzi na wataalamu wengine wangemjibu. Mdahalo haukufanyika. Miezi minne baadaye mkataba wake ulimalizika, akapewa barua ya mistari miwili inayosema hautaongezwa, pasipo sababu yoyote. Utawala ulisema hiyo haikuwa adhabu. Mimi naiita adhabu, tena mbaya kuliko ile tuliyoikataa, kwa sababu haikuwa na shitaka ambalo angeweza kulijibu. Na hapa ndipo uhuru wa kitaaluma unapofia siku hizi kuliko mahali pengine popote, kwenye mikataba mifupi ambayo mwenye kalamu halazimiki kueleza kwa nini hakuitia saini.

Katika vyumba vya walimu kikaenea kimya. Wenzangu walirudia msemo wa wazee kwamba ulimi uliponza kichwa, wakayahesabu hayo kuwa busara. Nami, niliyempigia kura, nikafanya jambo ambalo sijalisema hadharani hadi leo. Nafundisha sosholojia ya sera za umma, na mada ya saba katika kozi yangu ilihusu misaada na utegemezi. Muhula uliofuata niliiruka. Hakuna aliyeniagiza. Nilifungua faili la mihadhara usiku, nikaitazama mada ile, nikafikiria mkataba wangu uliokuwa umebakiza miezi saba, nikaifuta. Wiki ilipofika, msichana mmoja anayekaa mbele aliniuliza, "Mwalimu, mbona tumetoka mada ya sita tukaingia ya nane?" Nikamwambia muda umetubana. Haukuwa umetubana.

Mama alizisikia habari za mhadhiri yule kutoka kwa majirani, si kwangu. Nilipomtembelea alikwisha kuyajua yote, pamoja na kura yangu, na nilikaa nikisubiri lawama. Aliniuliza, "Mwanangu, yule bwana yuko wapi sasa?" Nikamwambia ameondoka. Akanyamaza, kisha akasema kwamba yeye angependa akae naye uso kwa uso amuulize: mwaka wa nne, na ardhi hatuna, na ruhusa ya kufanya kazi hatuna, tungekula nini? Alilisema bila hasira, kama mtu mwenye swali anayehitaji jibu.

Nililiandika swali lile kama alivyolitamka, nikamtumia mhadhiri kwa barua pepe. Alichukua wiki tatu kujibu, kwa kurasa nne. Ukurasa wa kwanza alimshukuru mama kwa kuuliza jambo ambalo, kwa maneno yake, hakuna aliyemuuliza mwaka ule. Katika ukurasa wa pili alikubali kwamba pasipo haki ya kufanya kazi pendekezo lake haliwezi kutetewa, na kwamba gazetini hakulisema hilo kwa uwazi unaostahili. Sehemu iliyobaki alishikilia msimamo wake, na ukurasa wa tatu una jedwali linalolinganisha familia zilizopata mgawo pekee na zile zilizopata mtaji mdogo pamoja na ruhusa ya kufanya biashara. Bado nadhani hitimisho analolitoa humo si sahihi, ila nimelirudia mara nyingi na sijapata mahali lilipovunjika. Muhula huu nimeirudisha mada ya saba, nikalipeleka jedwali hilo darasani kwa idhini yake, pamoja na swali la mama. Tuko wiki ya pili, na wanafunzi wameomba ya tatu.